Kidole cha Matty na Liki za Cuthbert

Haya alinisimulia mama mkwe wangu, Hannah, majira ya baridi ya kwanza baada ya mimi kuolewa, tukiwa jikoni tunasubiri wanaume watoke mgodini. Nilikuwa nimemwambia kwamba koti langu jekundu linaonekana kanisani kama kidole gumba chenye kidonda, ndivyo tusemavyo kwetu kwa kitu kisichofichika. Akaacha kumenya viazi.

"Huo msemo siupendi," akasema. "Aliyeuanzisha simjui. Ila maana yake nimeiona mezani kwangu."

Ilikuwa Septemba, mashindano ya kukuza liki, mboga ya jamii ya kitunguu yenye shina nene, yamekaribia. Mchimba makaa wa huku kwetu anaweza kusahau siku aliyooa, lakini liki zake anazilisha, anazifunika baridi ikija, na anachozilisha hamwambii hata ndugu yake. Alhamisi asubuhi Cuthbert Laidler, aliyekuwa anashinda kila mwaka, alikuta zake zimekatwa. Watu wakajaa uani kwake kama msibani.

Asubuhi hiyohiyo Matty, mume wa Hannah, alikaa kunywa chai na kidole gumba cha kushoto kimeviringishwa kitambaa.

"Umefanya nini?" Hannah akauliza.

"Nimejigonga na nyundo."

"Ulikuwa unapigilia nini?"

"Mke wangu, chai inapoa."

Kidole chenyewe kilikataa kukaa na wenzake. Akishika kikombe, kimesimama. Akifunga kamba za viatu, kimesimama. Akipita barabarani kinamtangulia, na watu wanakiona kabla hawajamwona yeye. Na Matty ndiye aliyekuwa wa pili mwaka uliopita, nyuma ya Cuthbert. Tena jana yake jioni alikuwa kwenye kibanda chake cha bustanini mpaka giza likaingia. Hannah aliyapanga hayo kichwani, hakupenda yalivyopangika.

Bombani hakupata nafasi hata ya kuweka ndoo.

"Hannah, mumeo hajambo?" akauliza Dora, jirani wa mlango wa pili. "Kidole kinapona?"

"Alijigonga na nyundo."

"Nyundo! Jamani, siku hizi liki zinakatwa kwa nyundo?" Wanawake wakacheka mpaka maji yakamwagika.

Jioni akaja Ralph. Huyo alikuwa akichimba ubavuni mwa Matty tangu ujana wao. Alikataa kukaa.

"Chama cha liki kinakutana kesho mchana, ghorofani pale baa," akasema. "Wakikufuta, Matty, mimi sishuki nawe tena. Mtu anayekata liki za mwenzake gizani, nitamgeuziaje mgongo kule chini?"

"Ralph, unanijua."

"Nilikuwa nakujua. Sema ulikuwa unapigilia nini."

Matty akamtazama Hannah, akatazama moto. "Siwezi."

Ralph akavaa kofia akatoka. Hannah alijua maana yake. Ralph akikataa kushuka naye, hakuna mwingine atakayekubali. Na nyumba ile ilikuwa ya mgodi. Kazi ikiisha, wanatoka na magodoro yao. Naye alikuwa na mimba ya miezi saba, baada ya kuzika watoto wawili. Kwetu kitu cha mtoto hakiletwi kabla mtoto hajalia, ni kumwitia mkosi. Hannah alikuwa ameapa safari hii hata soksi haitafumwa.

"Niambie mimi basi," akamwambia mumewe.

"Hasa wewe siwezi kukuambia."

Hapo ndipo alipoamini kuwa ni Matty aliyezikata.

Kesho yake Matty alipokwenda kikaoni, Hannah akaenda kibandani. Mke haingii kwenye kibanda cha liki, hata kumwita mume chakulani anasimama nje ya ua. Yeye aliingia. Alitaka akipate kisu kilichokata liki akakitupe mtoni kabla hawajaja kukitafuta. Akapekua makopo, akapekua majembe, akainua magunia kwenye kona.

Chini yake palikuwa na kitanda cha mtoto, kile cha kubembea. Upande mmoja ulikuwa bado haujapigiliwa, na ubao una damu kidogo.

Alikaa chini. Kitu cha mtoto kilikuwa tayari kimekuja. Angeweza kukifunika, akajifanya hajakiona. Lakini huko ghorofani walikuwa wanamfuta mumewe, naye amefunga mdomo ili habari isimfikie yeye.

Akakibeba kiunoni, akapita nacho barabara kuu mchana kweupe, tumbo mbele. Dora alifungua mlango, akaufunga.

"Hannah, binti yangu, huku ni kwa wanaume," akasema mzee Septimus, mwenyekiti wa chama, alipomwona akitokea ghorofani.

"Najua, mzee." Akakitua mezani, kando ya liki za Cuthbert zilizoletwa kama ushahidi. "Alikuwa anapigilia hiki. Mfungueni kidole."

Matty alikuwa amejifunika uso. Ralph ndiye aliyemfungua. Ukucha ulikuwa mweusi kama makaa, nyama imevimba, lakini mkato wa kisu haupo.

Kisha Ralph, asiyetaka kumtazama Matty usoni, akaziinamia zile liki. Kwenye mashindano, kutoka mizizi mpaka pale jani la kwanza linapoachana na shina, pasizidi inchi sita. Pakizidi, liki inatolewa mezani mbele ya kijiji kizima, na mwenyewe anachekwa mwaka mzima.

"Cuthbert," akasema polepole, "mbona zote zimekatwa palepale jani linapoachana?"

"Kwani mimi nilimwona aliyekata?"

"Mtu mwenye chuki anakata popote. Huyu alitaka zisipimike, kama mtu aliyejua zimezidi."

"Unanitazamaje hivyo?"

"Sijasema kitu, bwana wee."

Cuthbert akachukua kofia yake, akashuka ngazi. Haikuthibitishwa kamwe. Mpaka anakufa, wapo waliosema alizikata mwenyewe na wapo waliotaja watu wengine. Ila jina la Matty halikufutwa, na Ralph alikibeba kile kitanda kwenda nacho kwake, kisiingie kwa Hannah kabla ya wakati.

"Nitakupitia twende kazini," akamwambia Matty, na hilo ndilo lililokuwa samahani yake.

Matty alikuwa zamu ya usiku, kwa hiyo alilala jua lingali juu. Hannah akavuta pazia, akajilaza kando yake.

"Kibandani ulifuata nini?" Matty akauliza.

"Kisu."

"Ulidhani utakikuta?"

"Ndiyo."

"Na kama ungekikuta?"

"Ningekitupa mtoni, nirudi kukupikia."

Matty akageukia ukuta. Hannah hakujua kama amekasirika au anacheka, mpaka aliposikia anakoroma. Mtoto akageuka tumboni, akatulia. Nje watu walikuwa bado wanabishana habari za Cuthbert. Aliwasikiliza kidogo, kisha naye usingizi ukamchukua.