Neno la Mapigo Sita

Jumamosi moja ya Machi 2015, saa nane mchana, Adolphine alirudi kutoka kazini ghalani, akavua viatu na kuanza kutwanga karanga jikoni kwake, Riverside, Buffalo, Marekani. Simu aliiegemeza kwenye chupa ya mafuta. Mdogo wake Clémence alikuwa akimfundisha kutoka Rotterdam neno moja la Kidachi: gezinshereniging. Liliandikwa juu ya kila barua ya kesi yao, na maana yake ni kuunganisha familia.

Kesi ilizaliwa na kosa la kambi ya wakimbizi. Siku ya kuhesabiwa, Séphora, binti wa Adolphine, alikuwa amelala kwa mama yake mdogo, Clémence, na wahesabuji wakamwandika palipokuwa na mkeka wake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wale hawakuwa wazazi. Baadaye faili moja ikaenda Buffalo, nyingine Uholanzi, na mtoto akafuata karatasi.

“Yaya, mukubwa wangu, usimeze yote mara moya,” alisema Clémence. “Kata-kata. Ge, zins, her, e, ni, ging. Na ile g itoke ku koo, sawa vile unatosha mwiba ya samaki.”

Adolphine akalikata neno kwa mchi, silabi moja pigo moja. Mara ya tisa alilipatia, na Séphora, aliyekuwa kwenye simu nyuma ya Clémence, akawa ameketi mezani pale Buffalo, miaka tisa, soksi miguuni, akionja karanga kwa kidole.

Furaha iliyoje! Adolphine alicheka mpaka machozi, akampakulia ugali, akaanza kumsuka. Baada ya saa moja neno liliishiwa nguvu, na Séphora akaonekana tena kwenye simu, nusu ya kichwa imesukwa. Jumamosi iliyofuata walimaliza nusu ya pili. Jirani wa chini, mzee Nshombo, alilalamikia kelele za kinu tu.

Mwezi Mei Adolphine aliitwa kwenye ofisi ya wakimbizi ya Buffalo kwa ajili ya kesi. Alikwenda mbio mbio: sasa watamwona wenyewe! Akalipiga neno kwa ngumi juu ya meza ya karani, mapigo sita, na Séphora akaketi kando yake. Karani, Bagula wa Uvira, alimpa mtoto pipi, kisha akafungua kompyuta.

“Bon, mama, mutoto namuona. Anakufanana sana. Lakini mu dossier, mu faili yake, iko Rotterdam, na ombi wamekatala. Tutaomba tena. Donc, weka saini hapa, kuonyesha kama hauishi naye.”

“Si huyu hapa?”

“Ndiyo, huyu hapa. Saini pale chini.”

Adolphine akasaini kwa mkono wa kulia. Wa kushoto Séphora alikuwa ameushika.