Mizani Iliyokosa Dereva

Jumanne ya kwanza ya Juni, saa mbili na nusu asubuhi, muuguzi Maximilla, musawo kama wenyeji walivyowaita waganga, alifuta mizani ya watoto kwa spiriti, akatandika kitambaa juu yake na kuita jina la kwanza. Kituo chao cha mama na mtoto kilikuwa kando ya barabara ya Mulanda, vyumba vitatu na veranda. Mizani ilikuwa imepima watoto wa hapo kwa miaka kumi na mmoja. Ilikuwa na ufa kwenye kona moja, na waya wake uliingia kwenye kompyuta ya karani Imalingat. Mtoto akilazwa juu yake, kilo zilijiandika zenyewe, na kompyuta ikasema apewe pakiti ngapi za lishe, ile siagi ya karanga yenye maziwa na sukari ambayo mradi mmoja wa Tororo uliileta kwa maboksi.

Jina la kwanza lilikuwa Adikini, binti wa Awor, miezi tisa. Mwezi uliopita alikuwa na kilo tano na nusu. Safari hii kompyuta iliandika sifuri.

Imalingat alichomoa waya, akaupuliza, akauchomeka tena. Kompyuta ilikuwa imejibadilisha mfumo Jumapili, kituo kikiwa kimefungwa, na sasa iliandika kwamba kifaa hakitambuliki. Alipiga simu Tororo. Fundi akamweleza kwa upole kwamba kila kifaa kina kiprogramu cha kukiunganisha na kompyuta, mafundi hukiita dereva, na waliotengeneza mizani ile waliacha zamani kuiandikia dereva mpya. Yule wa zamani mfumo mpya haumtaki. Kurudi nyuma haiwezekani. Mizani nyingine itaagizwa.

Imalingat akatoka verandani akawaambia akina mama kwamba mizani haina dereva. Walielewa. Wengi wao wamewahi kuona malori ya mpakani Malaba yakilala siku nne njiani kwa sababu hiyo hiyo.

"Basi andika na mkono," Awor alisema. "Mwezi ule alikuwa tano na nusu. Hajanenepa, si unamuona."

"Haikubali mkono, mama Adikini. Inakubali mizani tu."

Awor akainama kumchukua mtoto, na mtoto akaja kabla hajashikwa. Alipanda taratibu kama mvuke wa chai, akatulia hewani kwenye kimo cha kifua cha mama yake, akinyonya kidole. Maximilla alimshika kifundo cha mguu na kuuliza kama anaharisha. Awor akasema hapana. Wakamfunga kiunoni leso ya kumbebea, Awor akashika ncha yake na kwenda nyumbani, mwendo wa kilomita saba. Baadaye alikiri kwamba siku hiyo mgongo haukumuuma.

Kufikia Ijumaa watoto ishirini na watatu walikuwa wameandikwa sifuri, na wote waliondoka wakielea. Akina mama walijifunza haraka. Fundo la leso lipigwe mara mbili. Chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro, mtoto asiamkie kwenye mabati. Waendesha bodaboda waliwaomba abiria wafupishe leso wanapopita chini ya nyaya za umeme, na kanisani waliombwa wakae viti vya nyuma ili wengine waione altare. Upepo wa mchana ulipovuma, watoto waliinama wote upande mmoja, wakalala.

Lakini njaa haikuondoka pamoja na uzito. Maximilla aliliona hilo mapema. Adikini aliposhushwa kunyonya, mbavu zake zilihesabika, na mikono ilikuwa myembamba kuliko mwezi uliopita. Mahindi yalikuwa bado mabichi shambani na maghala ya mwaka jana yalikuwa matupu. Kwa hiyo Maximilla alifungua stoo, akagawa pakiti na kuandika majina kwenye daftari la shule.

Wiki iliyofuata Imalingat alifunga mlango wa ofisi na kumwambia polepole kwamba pakiti mia moja na themanini hazionekani.

"Watoto wamezila," Maximilla alisema.

"Najua, musawo. Nami niliwaona wakila. Lakini kompyuta inauliza watoto gani."

Msimamizi wa mradi, Bwana Herbert, alifika Alhamisi. Alikuwa mtu mtaratibu, aliyebeba chakula chake mwenyewe asimsumbue mtu. Aliwatazama watoto waliofungwa kwenye nguzo za veranda, akawasalimu mama zao mmoja mmoja. Maximilla alikuwa ameazima mizani ya kuning'iniza kwa mnunuzi wa mahindi, kusudi amwonyeshe kilo za kweli. Wakamtia Adikini kwenye kulabu. Mshale haukusogea. Kulabu ndiyo iliyoinuka kidogo.

Bwana Herbert aliliandika hilo pia.

"Kompyuta inasema sifuri, na mizani ya mahindi inasema sifuri," alisema. "Mimi sioni kosa."

"Kosa ni kwamba wana njaa."

Akajibu kwamba anaiona njaa, naye ni mzazi. Ila pakiti hutolewa kuanzia kilo tatu, na kwenye orodha hakuna mstari wa sifuri. Akaomba ufunguo wa stoo, akamwandikia Maximilla hati ya kuupokea, akaondoka nao Tororo. Maximilla alisimama verandani mpaka vumbi la gari likatua. Kisha alikwenda nyumbani kwake akakoroga uji wa wimbi, sufuria kubwa kabisa aliyokuwa nayo, na kila asubuhi aliuleta kituoni mpaka wimbi likaisha.

Mwanzoni mwa Julai, mtoto wa kiume wa mama aitwaye Asio alichomoka kwenye leso wakati wa kuogeshwa. Alikuwa amekonda sana na fundo lilikosa pa kushika. Alipanda juu ya mtama, akipepesuka kidogo, akielekea upande wa jabali la Tororo. Asio alitembea chini yake akimwita, mpaka kinamasi kikamzuia. Akasimama hapo akimtazama, hadi akawa mdogo kama mbayuwayu, kisha hadi hakuna cha kutazama.

Kesho yake alikwenda kituoni kutoa taarifa. Imalingat alimpa kiti, akatafuta mahali pa kuandika. Fomu ya kumwondoa mtoto ilidai uzito wake wa mwisho. Alipoandika sifuri, kompyuta ikajibu kwamba hakuna mtoto wa kuondoa. Akajaribu mara tatu, Asio akingoja. Hatimaye Imalingat alimwambia pole, akamsindikiza hadi barabarani, na siku hiyo hakurudi ofisini.

Mizani mpya ilifika Agosti. Ilitambuliwa papo hapo, taa ya kijani ikawaka. Maximilla alimshikilia Adikini juu yake kwa vidole viwili. Sifuri. Wakawapima wote, na wote ikawa hivyo. Kutoka Tororo ilikuja pongezi kwamba sasa kila kitu kinasomana.

Pakiti zilizobaki stooni muda wake ulikwisha mwishoni mwa mwezi. Taratibu za mradi zilitaka zichomwe. Bwana Herbert alikuja na ufunguo, maboksi arobaini na moja yakatolewa mbele ya mashahidi wawili na kuwashwa moto kwenye shimo nyuma ya kituo, saa kumi jioni.

Saa hiyo Awor alikuwa akipalilia. Adikini alielea juu yake, leso ikiwa imefungwa kiunoni mwa mama, na kivuli chake kidogo kilimfuata mstari hadi mstari. Moshi ulifika taratibu, ukinukia karanga zilizokaangwa. Adikini akageuza uso kuuelekea, akafungua mdomo. Awor aliinua macho akaona kwamba juu ya boma la jirani na juu ya migomba ya ng'ambo, na mbali zaidi kwenye kilima, watoto wote wanaoelea walikuwa wamegeukia upande huo huo, midomo wazi.

Aliifupisha leso kwa dhiraa moja, akaendelea kulima.