Kitabu Kilichochinjwa Majimbo

Latifah alikuwa mwalimu wa fasihi, na vitabu vyake alivilea kama mayai. Kwa hiyo Njagi alipotamka neno lile, wakiwa sebuleni kwa Latifah, mtaani Majimbo, Embu, nusura ammwagie chai.

"Tukikate," alisema Njagi. "Vipande vitatu. Kila mtu aende na chake."

"Njagi, hiki ni kitabu, si mkate."

"Mkate tungekuwa tumeshaumaliza."

Hapo hakukosea. Riwaya ilikuwa moja, nene kama tofali, na wao walikuwa watatu: Latifah, Njagi wa ofisi za kaunti, na Ciakuthii, nesi aliyekuja Embu kutoka Meru kila walipokutana. Walikuwa wakipokezana tangu mvua zianze, na hakuna aliyefika mbali. Ilikuwa riwaya ya vituko. Mwandishi aliingia ndani ya hadithi akagombana na wahusika wake, tanbihi zilirefuka kuliko habari yenyewe, na sura moja nzima ilikuwa sentensi isiyo na nukta. Ciakuthii aliibatiza Lile Dude.

Latifah hakuwaambia kwamba yeye mwenyewe haielewi. Mwalimu wa fasihi angeanzia wapi kusema hivyo? Lakini alimwona Ciakuthii akipiga miayo, akahofia wakiendelea hivi chama chao cha kusoma kitajifia. Akavuka barabara hadi kwenye bucha ya baba yake, Mzee Abdilatif, kuomba kisu.

"Mnachinja nini?"

"Kitabu, Baba."

Mzee alimtazama, akachagua kisu chembamba, akakinoa. "Basi pitisha kwenye uti wa mgongo. Usikitese."

Latifah alikikata mwenyewe, macho nusu ameyafumba. Ciakuthii akachukua mwanzo, yeye katikati, Njagi mwisho.

Siku ya kukutana tena, Ciakuthii aliingia na ndizi za soko la Gakoromone, Meru, akaanza kuongea hata hajavua viatu.

"Jamani, harusi ya Nelius! Nililia mimi!"

"Harusi gani?" Njagi akashangaa. "Kwenye kipande changu Nelius ni bibi kizee, na anaapa hajawahi kuolewa."

"Basi anadanganya! Mimi nilikuwa kwa hiyo harusi, nusura nile pilau!"

"Unamwita nyanya wa watu mwongo?"

"Mwalimu," Ciakuthii akamgeukia Latifah, "hebu tuamulie."

 Latifah angeweza kutafuta maneno makubwa ya darasani, ayapange yakapangika. Hakuyatafuta.

"Kwangu Nelius hayupo kabisa," akasema. "Mwandishi anasema amemfuta, kwa sababu Nelius alimkataa mume aliyechaguliwa. Halafu tanbihi inasema mwandishi ni mwongo. Na mimi... mimi sielewi kitu. Tangu ukurasa wa kwanza."

Njagi akatua kikombe. "Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Haki ya nani! Na vile nimekuwa nikijiona mjinga peke yangu!"

Ciakuthii alicheka hadi akashika mbavu, na Latifah akajikuta anacheka naye, mwepesi kama aliyetua mtungi. Hapo ndipo ubishi wenyewe ulipoanza. Njagi alimtetea bibi kizee wake kama wakili, Ciakuthii akasoma harusi yake neno kwa neno kuwa ushahidi, Latifah akawarukia wote wawili na tanbihi zake. Kisha wakaisoma kwa sauti ile sura isiyo na nukta. Anayeishiwa pumzi anampisha mwenzake. Njagi alisoma hadi mishipa ya shingo ikamtoka, na alipokwama, ghafla maneno yakaleta maana: msemaji alikuwa Nelius, akikimbia, akimtukana mwandishi bila kupumua.

"Anamtoroka!" Latifah alipiga kelele. "Anaikimbia hadithi yenyewe!"

Mlango ukafunguliwa. Mzee Abdilatif alisimama pale na aproni yake, kelele zimemtoa buchani.

"Nani anamtoroka nani?"

Wakamjibu wote kwa pamoja, majibu matatu yasiyofanana hata kidogo. Mzee akavuta kiti, akakaa, akamenya ndizi.

"Anzeni tena," akasema. "Pole pole. Na huyo msichana mumwache akimbie."