Mistari ya Chaki Mlangoni

Wale watu wa afya sikuwaamini tangu siku ya kwanza, na sitasema uongo kwamba niliwaamini. Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni kugeuza nguo ndani nje nione ilivyoshonwa, na watu nao nawatazama hivyo hivyo.

Korido yetu ina vyumba vitano. Mwezi ule wa maradhi viwili vilikuwa na kufuli, wenyewe wamekimbilia kwao. Tuliobaki ni mimi na mama yangu mwenye kifua kibovu, kinyozi na mkewe, na mkabala na mlango wangu, fundi viatu tuliyemwita Gundi, ambaye hakuwa na mke wala mtoto. Gari la matangazo lilipita kila asubuhi: naweni mikono, vaeni barakoa, anayejisikia vibaya abaki ndani, wahudumu watamfikia mlangoni.

Watamfikia wamfanye nini? Hilo hawakulisema.

Jumatatu akaja binti mwembamba mwenye aproni ya bluu. Akabisha, akarudi nyuma hatua mbili, akauliza kuhusu homa, kikohozi, na tuko wangapi chumbani. Nikamjibu kwa mkato, maana mwenye kuuliza sana ana lake jambo. Alipomaliza akatoa chaki, akachora mstari mmoja kwenye mwimo wa mlango wangu, akaenda zake. Wiki iliyotangulia, nyumba ya pili, walimchukua mama muuza mkaa kwa gari la wagonjwa, na mlango wake niliuona kwa macho yangu haya: mistari mitatu. Mpaka siku ile alikuwa hajarudi. Mistari mitatu, gari. Nani anahitaji kufundishwa hesabu hiyo?

Nikachukua kitambaa kibichi nikafuta. Kinyozi akanichungulia, akanicheka, kisha akafuta na wake.

Mchana akaja mwenzake yule binti, baba mmoja mwenye miwani minene. Akabisha kwangu na kwa kinyozi tu. Maswali yale yale, mstari ule ule. Nikaufuta tena.

"Mama, umeona? Wanatufuata sisi," nikasema.

"Labda ni wema tu, mwanangu."

"Wema gani unaokuja mara mbili kwa siku?"

Na huko mkabala, Gundi anakohoa. Binti alipombishia, alijibu akiwa nyuma ya mlango kwamba ni vumbi la ngozi. Vumbi! Miaka tisa tumepakana, vumbi hilo lilikuwa wapi? Kutoka mlango wake hadi wetu ni hatua tatu. Kila akikohoa namtazama mama anavyovuta pumzi. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaona bora aende yeye kuliko mama yangu. Ndivyo nilivyowaza, tena bila haya.

Chaki ya kukatia nguo siikosi. Jumanne alfajiri nikatoka na ndala mkononi, nikaongeza mstari wa pili mlangoni kwa Gundi. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: wa binti wa jana mmoja, wangu mmoja, akija leo tena mmoja, ifikapo jioni mitatu, gari hilo.

Binti akaja, akatazama mlango wa Gundi, akampita. Kwangu akabisha, na safari hii akachora miwili! Nikafuta. Jumatano nikachora wa tatu mwenyewe. Binti akampita. Baba wa miwani naye akampita. Gari halikuja. Nikaanza kuamini kwamba Gundi ana mjomba huko juu anayemkinga, mtu mwenye koti lililochanika kwapa! Alhamisi nikaongeza wa nne, nikikandamiza chaki mpaka ikavunjika, ili asiyeona aone. Siku hiyo kikohozi kilipungua. Ijumaa sikukisikia kabisa, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Hata mstari sikuona haja ya kuongeza.

Ijumaa hiyo hiyo mchana baba wa miwani akabisha kwangu, nami nikamfungukia.

"Baba, kosa letu nini? Kila siku sisi, asubuhi na mchana! Yule pale amekohoa wiki nzima, mbona hamumgusi?"

Akageuka akautazama mlango wa Gundi, akahesabu kwa kidole.

"Yule binti amemkagua, mama. Kila siku tukimkuta mtu tunachora mstari, siku ya pili miwili, na mwenzangu akiona wa leo upo anapita. Kwako kila nikija sioni kitu, basi najua hamkukutwa, narudia mimi." Akakunja uso. "Ila wa leo haupo. Labda hakuamka."

"Na mama wa mkaa? Alikuwa na mistari mitatu."

"Tulimtembelea siku tatu. Ya tatu tukamkuta na homa. Anaendelea vizuri, Jumapili anarudi."

Nikaitazama mistari ile minne, mitatu yangu. Gundi hakuwa amekaguliwa tangu Jumatatu. Alikuwa ametii tangazo, amebaki ndani akiwangojea, na mimi ndiye niliyewafukuza mlangoni kwake. Mkuki kwa nguruwe.

"Vunja mlango," nikamwambia kinyozi, aliyekuwa akichungulia mlangoni kwake. "Vunja!"

Gundi alikuwa kwenye godoro katikati ya viatu vya watu, jagi la maji tupu kando yake. Alikuwa hai. Baba wa miwani akapiga simu, binti akaja mbio na fomu yake, wakamwinua kichwa wakamnywesha maji kidogo kidogo. Gari lilipofika na wakamweka kwenye machela, binti akauliza, "Ndugu yake wa karibu ni nani?"

Watu wakatazamana. Gundi akainua kidole kunielekea mimi.

"Huyo," akasema, sauti haivuki hata machela. "Kila alfajiri nilikuwa namsikia mlangoni kwangu. Nikasema, kumbe nina mtu."

Mke wa kinyozi akanipapasa bega. Nikautoa mkono wake.

"Nilikuja kuchora, ndugu yangu," nikamwambia. "Mistari ile ni yangu. Nilitaka wakuchukue. Ni kwa sababu yangu hawakukubishia."

Kalamu ya binti ilisimama. Kinyozi akatazama sakafu. Gundi alifumba macho, akavuta pumzi mara mbili, tatu, kila moja ikikwama kabla ya kupita, nami nikangoja anitukane. Ningefarijika.

"Andika huyo huyo," akamwambia binti. "Sina mwingine."

Binti akanigeukia, akaniomba namba ya simu. Nikaitaja, akasema hajasikia, nirudie.