Nukta Tatu Chini ya Boneti

Kikohozi kilisikika mara mbili kutoka kwenye kona ya migomba, na Lusungu akajua ana muda wa kuhesabu mpaka ishirini.

Alikuwa amelala chali chini ya pikapu, miguu nje, akichungulia fimbo ya usukani. Akajivuta, akaangusha spana, akajifunga kitenge juu ya suruali ya kazi na kukimbilia kwenye shamba la kakao nyuma ya banda. Huko akaupa uwanja mgongo. Kumi na saba, kumi na nane. Kikohozi cha tatu kilitokea palepale alipokuwa amelala.

Baba mkwe alikuwa amefika.

Tangu aolewe Bujonde, miaka sita sasa, Lusungu hakuwahi kumwona Mzee Zebedayo usoni. Alimjua kwa mgongo, kwa kofia yake ya pama, na kwa kikohozi hicho kilichomtangulia kila alikokwenda ili mkaza mwana apate nafasi ya kujificha. Ndivyo walivyolelewa watu wa ukoo ule: mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hamsemeshi, hali naye, na jina lake halimtoki mdomoni hata akiwa peke yake. Mchungaji alikwisha kusema kanisani kwamba hayo ni mambo ya kale. Waumini waliitikia amina kwa nguvu, wakarudi majumbani mwao, na wazee wakaendelea kukohoa kwenye kona.

Lusungu alikuwa na sababu ya kuogopa kuliko wengine. Mimba yake ya kwanza iliharibika, na mama mkwe alipokuja kumpa pole aliketi kitandani, akamshika mkono, akamuuliza kwa upole:

"Ulimtazama?"

"Hapana, Mama."

"Labda kwa bahati mbaya. Ulipokuwa kisimani."

"Sijamtazama kabisa."

"Basi labda ulimtaja." Mama mkwe akapumua. "Mwanangu, mimi sikulaumu. Nakuuliza tu ili ya pili isipotee."

Ya pili sasa ilikuwa na miezi minne. Lusungu mwenyewe hakujua kama anaamini au haamini. Akiwa na mashine ya kuchomelea mkononi, cheche zikiruka, aliona ni upuuzi mtupu. Kikohozi kikisikika, aliamini na kukimbia.

Akiwa pale kwenye kakao alisikiliza. Alitegemea kusikia hatua zikizunguka gari taratibu, kama kila mara. Mzee alipenda kuja kukagua. Pikapu ilikuwa yake. Aliinunua ujanani, ikabeba mpunga, maharusi na majeneza ya nusu ya kata, mpaka injini ikafa na kuku wakahamia ndani. Kisha Nelson, mwanawe, mume wa Lusungu, akaona kwenye simu picha za magari yanayoitwa hotirodi: gari kuukuu limekatwa paa, limelazwa chini, limewekewa injini kubwa inayochungulia nje na kunguruma kama mashine ya kukoboa. Nelson hakulala. Alimbembeleza baba yake msimu mzima, na mzee akakubali kwa sharti moja, kwamba siku likiisha, wa kwanza kuliendesha awe yeye.

Nelson alishughulika na injini. Vyuma vilikuwa kazi ya Lusungu, aliyesomea uchomeleaji chuoni Mbeya na kumzidi mumewe mbali, jambo ambalo Nelson alilikubali bila kununa. Ni yeye aliyepunguza paa kwa inchi nne, hata kioo cha mbele kikabaki mwanya mwembamba wa kuchungulia. Ni yeye aliyeshusha springi. Na kila jioni mzee alipokuja, alipitisha kidole kwenye viungio, akasema "Ndaga fijo" kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, ili shukrani ifike kwenye kakao. Lusungu alizingoja shukrani hizo. Hakumwambia mtu, lakini alizingoja.

Leo hakukuwa na ndaga. Ulisikika mlango ukifunguliwa, kisha ukifungwa.

"Ametaka kukaa tu," Lusungu alijisemea. "Anajaribu kiti."

Injini ikaitika.

Gari halikuwa tayari kutembea. Injini ile mpya ilikuwa pana, bomba lake la moshi likagonga fimbo ya usukani, na jana Lusungu alilazimika kuikata fimbo hiyo na kuiunga upya ikiwa imepinda kidogo kukwepa bomba. Aliishikiza kwanza kwa nukta tatu za moto, kila moja kama punje ya mpunga, apate kupima kama imekaa sawa kabla ya kuchomelea mzunguko wote. Hapo umeme ukakatika, na mpaka asubuhi haukurudi. Nelson alikwenda Kyela mjini kuazima jenereta. Nukta tatu zilitosha kushikilia chuma kisianguke, zaidi ya hapo hakuna. Aliweka alama ya chaki nyeupe juu ya kiungio, alama ambayo ni yeye na Nelson tu waliojua maana yake.

Alifungua mdomo kumwita mzee, na sauti ikakataa kutoka. Alisimama pale ameshika shina la mkakao, huku pikapu ikirudi nyuma, ikigeuka, na kutoka uwanjani. Alipojitoa mafichoni palikuwa na vumbi tu na spana yake chini.

Akampigia Nelson.

"Baba ameondoka na gari!"

"Gari gani?"

"Letu! Nelson, ulimwambia limeisha?"

Nyuma ya Nelson zilisikika honi za mjini. "Nilimwambia yamebaki mambo madogo madogo."

"Madogo? Usukani ni mdogo?"

"Msimamishe, Lusungu. Mkimbilie umsimamishe."

"Nimsimamishe mimi? Kwa mdomo gani?"

"Basi mwite Mama."

"Mama yuko msibani ng'ambo ya mto tangu asubuhi."

"Mungu wangu," Nelson akasema, na sauti yake ikawa ya mtu mdogo kabisa. "Mungu wangu, Lusungu, darajani pana kona."

Alijua. Alikuwa anakimbia tayari, simu bado sikioni.

Barabarani alimkuta Prisca, binti wa baba mdogo wa Nelson, akigeuza kakao kwenye mkeka, mtoto mgongoni.

"Wifi, umemwona mzee?" Prisca alikuwa akicheka. "Kavaa koti la harusi! Anakwenda kuwaonyesha wenzake wa rika. Nimempungia, wala hakusikia kwa makelele ya lile dude."

"Prisca, nakuomba, kata kwenye majaruba ya mpunga umzuie kabla hajafika kwenye kona. Usukani haujaungwa. Ukikatika ataingia mtoni."

Kicheko kilikatika. Prisca alitazama majaruba yaliyojaa maji, akatazama mguu wake wa kushoto, ule uliofungwa bendeji tangu jembe limkate wiki iliyopita.

"Sitafika, wifi. Hata nikitambaa sitafika."

Wote wawili walitazama kule mbele. Barabara ilizunguka mashamba ya mpunga kwa upana kabla ya kufika mtoni; anayekata katikati kwa miguu angeweza kuliwahi gari, maana mzee hakuwa mtu wa mbio.

"Lakini wewe usithubutu," Prisca alisema kwa sauti ya chini, na macho yake yakashuka mpaka kwenye tumbo la Lusungu. "Utasimama mbele yake? Uso kwa uso? Na hali hiyo?"

Lusungu alivua kandambili.

Kingo za majaruba zilikuwa zimelainika kwa mvua. Alikimbia juu yake mikono imetanuka, akateleza, akazama mpaka gotini, akainuka. Kitenge kilibaki nyuma kikielea kati ya miche. Alishika tumbo kwa mkono mmoja na kuliomba msamaha waziwazi, kwa sauti, kama anayezungumza na mtu mzima: nisamehe, nisamehe, sina mwingine wa kumtuma. Muungurumo wa injini ulikuwa upande wake wa kulia, unakuja, unazunguka. Aliogopa kuchelewa. Aliogopa vilevile, na hilo lilimwaibisha, kwamba atawahi.

Aliwahi. Alipanda barabarani mita chache kabla ya kona, daraja la mbao likiwa nyuma yake na mto mwekundu ukipita chini kwa haraka. Alisimama katikati, suruali imejaa tope, kichwa wazi, mikono juu.

Pikapu ilitokea. Hakuwahi kuiona kwa mbele ikitembea, na kwa nukta moja ya wakati aliiona ilivyo nzuri, chini, pana, injini ikimeta. Halafu, kwenye ule mwanya mwembamba alioukata kwa mkono wake mwenyewe, akauona uso wa baba mkwe.

Na mzee akamwona yeye.

Hakukanyaga breki. Alifanya kile alichokifanya maisha yake yote kila alipokutana na mke wa mwanawe bila kutarajia: aligeuza uso upande, akainua kiganja kuziba macho, na kwa mkono uliobaki akazungusha usukani kumpisha. Lilikuwa tendo la heshima. Alifanya haraka, bila kufikiri, kama mtu mwenye adabu.

Lusungu aliuona usukani ukizunguka. Matairi hayakugeuka. Yalibaki yamenyooka, yakimjia yeye na mto uliokuwa nyuma yake, na mzee akiwa ameziba macho hakujua.

"Zebedayo!"

Jina lilimtoka lote, tupu, bila mzee wala baba mbele yake.

"Zebedayo, breki! Kanyaga breki!"

Kiganja kilianguka. Macho ya mzee yalikuwa makubwa, yenye ukungu wa uzee, na yalimtazama moja kwa moja. Akakanyaga kwa miguu yote miwili. Lusungu alijirusha pembeni, gari likapita likiburuza kokoto, likatoka kwenye kona bila kukata kona, na likasimama tairi moja la mbele likining'inia juu ya ukingo wa mto. Injini ikazimika. Vipande vya udongo vilidondoka majini kimoja kimoja.

Ndani, mzee aliendelea kuzungusha usukani. Kushoto, kulia, kushoto. Ulizunguka kirahisi kama mfuniko wa chungu. Aliuzungusha muda mrefu kabla hajaelewa, kisha akafungua mlango wa upande wa mashamba. Aliteremka kwenye mteremko mfupi kwa makalio, mpaka kwenye jaruba, na kukaa kwenye tope na koti lake la harusi.

Lusungu alisimama juu yake, barabarani, akihema. Alingoja maumivu. Aliweka mikono yote miwili tumboni na kungoja, lakini mtoto alikuwa mdogo mno kumwambia lolote, zuri wala baya.

"Nimekuona," mzee alisema. Alikuwa akitazama mpunga. "Na umeniita."

"Ndiyo, Baba."

"Unafanana na mama yako. Nilikwenda kukuposa, lakini nilimwona yeye tu."

Alijaribu kusimama akarudi kukaa. Alijaribu tena, akashika miche ikang'oka. Ndipo, bila kugeuka, akaunyosha mkono wake wa kulia kwa nyuma, kiganja juu, na kuuacha hewani.

Ng'ambo ya daraja zilianza kusikika sauti za wanawake waliokuwa wakirudi msibani, wakiimba pole kwa pole, na ya mama mkwe ilikuwa miongoni mwao. Lusungu alitazama kule. Halafu akaufuta mkono wake kwenye suruali, upande mmoja, kisha upande wa pili, na kuanza kuteremka kwenye tope.