Tini Zilizoiva Jibril Akiwa Hawezi Kumeza

Kwa miaka sita mtini wa Jibril ulizaa tini za kujaza sahani moja tu, na nusu yake wakala ndege. Mwaka wa saba ukazaa mpaka matawi yakainama yakagusa ukuta wa jiko. Mwaka huo Jibril alikuwa hawezi kumeza. Saratani ilikuwa imemziba koo, akawa analishwa uji mwepesi kwa mpira uliopita puani.

Alikuwa amefanya kazi ya ufundi wa magari mjini Jinja miaka thelathini, kisha akahamia Budondo na mkewe Ramula. Hawakujaliwa mtoto. Kitawi cha ule mtini alikikata Mbale, kwa marehemu baba yake, muda mfupi kabla kiwanja hakijauzwa na mti mkubwa kung'olewa ili lijengwe ghala.

Tini zilipoanza kulegea shingo, Ramula alimpigia simu wifi yake Twaibah, dada pekee wa Jibril, aliyebaki Mbale.

"Wifi, zimeiva zote kwa pamoja. Nitazifanyaje, na mwenyewe hali?"

"Usiziache zioze naye anatazama," Twaibah akasema. "Nakuja kesho."

Akaja kweli. Wakapaka mikono mafuta, maana utomvu wa mtini unawasha, wakaanza kuchuma. Jibril alikaa kitini kivulini, amevaa sweta kwenye jua la Februari, akiwaelekeza kwa kidole. Sauti yake ilikuwa imebaki mkwaruzo tu.

"Hiyo bado. Iache."

Beseni la kwanza lilipojaa, akamwambia mkewe, "Kula."

"Siwezi kula mbele yako, mzee wangu."

"Sasa mimi nilimpandia nani?"

Ramula akatia moja mdomoni. Ilimchukua muda kuimeza.

"Ikoje?"

"Tamu."

"Tamu vipi?"

Alifikiri. "Kama asali iliyokaa juani. Na vile vimbegu vinalialia menoni."

Jibril akafumba macho. Mate yalimtoka pembeni mwa mdomo, Ramula akayapangusa kwa ncha ya mtandio. Twaibah akapasua nyingine, akamshikia kaka yake puani mpaka akageuza uso mwenyewe.

Siku tatu walipika jamu kwa sukari, limau na tangawizi, sigiri mbili zikiwaka pamoja. Jibril alitaka kiti chake kisogezwe karibu, moshi ukamliza, akakataa kuondolewa. Tini zilizobaki walizipasua katikati, wakazianika juu ya wavu wa waya nyuma ya nyumba na kuzifunika chandarua kikuukuu.

Alhamisi baada ya swala ya alasiri, Ramula alimwacha mumewe amelala, akaenda kuzigeuza zile za kwenye wavu. Hakukawia. Aliporudi, mkono wa Jibril ulikuwa unaning'inia nje ya kitanda, na kifua kimetulia.

Walimzika kesho yake baada ya swala ya Ijumaa. Jioni ikanyesha mvua ambayo hakuna aliyeitarajia, nyumba imejaa watu, na hakuna aliyekumbuka tini. Jumamosi asubuhi Ramula alizunguka nyuma ya nyumba akazikuta zimevimba maji, nyingine zimeanza kuchacha, na sisimizi wamejipanga hadi ukutani.

Tangu Alhamisi hakuwa ametoa chozi. Sasa aliketi chini kwenye tope.

"Hata hizi! Hata hizi nimeziacha! Nilikuwa huku, Twaibah. Ameondoka mimi niko huku nageuza matunda!"

Wanawake wa msiba walikuja mbio kumnyamazisha. Twaibah akawarudisha kwa mkono. Hakumwambia wifi yake avute subira wala amshukuru Mungu. Alivuta beseni, akakaa kwenye tope lile lile, akaanza kuchambua.

"Wewe lia. Mimi nachagua. Hizi za kutupa, hizi zitapikika."

Baada ya muda mrefu Ramula naye akanyoosha mkono kwenye wavu. Jamu waliyoipika siku hiyo ilitoka nyeusi, imeungua kidogo chini.

Twaibah alirudi Mbale na chupa nne za jamu. Ramula alibaki ndani kutimiza edda yake, miezi minne na siku kumi, chupa zake zikiwa zimepangwa kabatini bila kufunguliwa. Tini zilizochelewa kuiva aliwaachia ndege.

Edda ilipokwisha, alipanda basi kwenda Mbale, chupa mbili kapuni. Twaibah alikuwa amepanga chumba upande wa viwandani. Kwenye dirisha lake chupa nne zilikuwa zimeoshwa na kupinduliwa.

"Umezimaliza zote?"

"Zote, wifi. Kila nilipomkumbuka nilichota kijiko. Ningefanyaje?"

"Mimi sijafungua hata moja."

Twaibah akachukua chupa kapuni, akaikaza baina ya magoti na kuifungua. Akapaka jamu kwenye chapati, akaikata vipande viwili. Ramula alikula chake machozi yakimtiririka, na Twaibah akammiminia chai. Kisha wakazungumza habari za Jibril mpaka magharibi, za utotoni ambazo Ramula hakuwahi kuzisikia.

Alikaa huko siku tatu. Siku ya nne akarudi Budondo, akafungua mlango na madirisha, akaanza kufagia.