Upande wa Kichwani

“Hapa pakavu, fundi. Hamia kwingine.”

Sauti ya Mwalimu Sia ilitoka ndani ya hema, na hema lilikuwa juu ya paa la gari, limefunguliwa uani mwa nyumba aliyopanga, mtaa wa Mwanga, mji wa huku ziwani. Zubery alisimama nje juu ya pipa, ndoo mkononi, shati limelowa mpaka kiunoni. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Yeye nje amwage maji. Sia ndani alale chali atazame juu, na tone likipenya abonyeze kidole pale pale. Zubery akiona kitambaa kimetutumka, azungushie alama kwa maka peni.

Alianza na zipu. Fundi akitafuta kosa, jamani, huanzia kwenye kazi ya mwenzake. Zipu haikuvuja. Akamwagia dirisha, pakavu. Akamwagia pembe za miguuni, zilizoshonwa kiwandani huko ng'ambo, huku moyoni akiomba hao watu wa kiwandani wawe ndio waliokosea. Hawakukosea hata tone.

Pakabaki upande wa kichwani, penye kiraka alichoshona yeye mwenyewe.

Mwaka jana tawi la mti lilipasua hema hilo huko Kasulu. Rodgers, mume wa Sia, alikuwa bwana mifugo, mtu wa kuzunguka vijijini na kulala humo juu ya gari. Alilileta kwenye kibaraza cha Zubery sokoni, akalitaka siku hiyo hiyo. Uzi wa pamba ulikuwa umekwisha. Zubery akatwaa uzi wa nyavu alionunua Kibirizi, ule ambao watu wote wa ziwani wanausifu kwamba hauozi. Ni kweli, hauozi. Lakini uzi wa pamba ukilowa huvimba, ukaziba tundu la sindano. Wa nyavu hauvimbi ng'o, na tundu hubaki wazi mpaka mshono upakwe nta ya nyuki. Hilo Zubery alilijua tangu ujana wake. Nta ilikuwa nyumbani Rusimbi, mwendo wa dakika ishirini, na jua siku ile lilikuwa kali. Akajisemea atapaka siku nyingine. Kisha, kwa ule mdomo wake unaopenda kutangulia kazi, akamwambia mteja kwamba hapo hata gharika ya Nuhu haipiti.

Mvua za Novemba zikaja. Rodgers alirudi kutoka Buhigwe baada ya siku tisa, anakohoa, na godoro la hema limelowa. Mkewe alipomuuliza, alisema ni umande tu: kule milimani usiku ni baridi, pumzi ya mtu inageuka matone kwenye kitambaa na kumdondokea. Kiraka hakukishuku. Fundi wake wa Mwanga, alisema, hakosei. Kichomi kilimbana, na wiki ya pili mwili wake ulisafirishwa kwenda kuzikwa kwao Rombo.

Hayo yote Sia alimsimulia asubuhi ile, baada ya kumwamkia na kumkaribisha chai, pasipo kumtafuta mchawi. Alikuwa amepata uhamisho wa kurudi nyumbani Rombo, na alitaka kuondoka na gari na hema lake. Kitu kimoja tu kilimsumbua. Mvua ya juzi ilinyesha hema likiwa wazi hapo uani.

“Halijalaliwa na mtu, fundi, na godoro limelowa,” alisema. “Sasa umande huo ni pumzi ya nani?”

Zubery akaweka kikombe chini, akaomba ndoo ya maji.

“Bado upande wa kichwani,” Sia aliita sasa.

Akamwaga. Kidole kikatutumka. Kikahama, kikatutumka tena, kikaufuata mshono wake tundu kwa tundu, kama mtoto anayesoma mstari. Zubery akazungushia alama, moja baada ya nyingine.

“Tatizo ni nini, fundi?”

Angeweza kusema kitambaa kimechoka. Mwalimu wa hesabu angejuaje habari za uzi na nta? Angeziba, angepewa asante, na mwezi ujao mama huyu angekuwa mbali huko Rombo, wala wasingeonana tena duniani. Zubery aliyafikiria hayo yote, na aibu ikamchoma mpaka machozi yakamtoka.

“Mwalimu, huu mshono ni wangu,” alisema. “Nilitumia uzi wa nyavu, na sikupaka nta. Nilijua inatakiwa kupakwa. Niliona uvivu kuifuata nyumbani.”

Kidole kikaondoka kwenye kitambaa. Zubery alingoja zipu ifunguliwe atukanwe, na wallahi alitamani atukanwe. Zipu haikufunguliwa.

“Kichwa chake alikuwa anakilaza hapa,” Sia alisema hatimaye.

“Ndiyo, mwalimu.”

“Mwaga tena.”

Zubery akamwambia kwamba mahali pameshaonekana, hakuna haja, ashuke tu apumzike.

“Mwaga, fundi. Taratibu, kama mvua.”

Akashuka, akachota, akapanda tena, akamwaga. Alitazama kitambaa, na kidole hakikutokea. Akachota ndoo nyingine. Ndani alisikia matone yakianguka, moja, halafu jingine, juu ya mtu aliyelaza kichwa pale pale, asiyejisogeza, na yeye akaendelea kumwaga.